Josef Albers na miraba yake: kwa nini yenu ilitoka kama bendera

Swali: "Nafundisha sanaa sekondari. Nimekutana na picha za Josef Albers, Mjerumani aliyehamia Marekani: miraba ndani ya miraba, basi. Alifikaje huko, aliishi kwa nini, na iweje mtu achore kitu kimoja miaka yote hiyo? Niliwapa wanafunzi waige kwa rangi za dukani. Kazi zote zilitoka kama bendera. Tulikosea wapi?"

Mwalimu, nianze na hizo bendera, maana nusu ya jibu imo humo. Bendera hutengenezwa ili kila rangi ijitegemee: ionekane kutoka mbali, itajwe kwa jina, isifanane na jirani yake. Albers alitaka kinyume. Alitaka rangi ishindwe kujitegemea, ibadilike kwa sababu ya aliye jirani yake, hadi mtazamaji asiweze kuapa kama ile ya kati ni kijivu au zambarau. Wanafunzi wako wakichukua nyekundu, njano, kijani na nyeusi, zote kali, wakapanga miraba katikati sawasawa na kuikata kwa masking tepu, watapata bendera hata wakiwa na mikono ya dhahabu. Umbo waliliiga vizuri. Sababu ya umbo ndiyo iliyowapita, na sababu hiyo imo katika maisha ya mtu mwenyewe.

Albers alizaliwa tarehe 19 Machi 1888 huko Bottrop, mji wa makaa ya mawe magharibi mwa Ujerumani. Baba yake, Lorenz, alikuwa fundi rangi wa nyumba, tena wa wale wasioshindwa kazi nyingine yoyote ya nyumbani. Ukoo wa mama ulikuwa wa wahunzi. Kwa baba alijifunza kupaka mlango: unaanza katikati na kwenda nje, ili michirizi uiwahi na mikono ya shati isichafuke. Liweke hilo akilini, kwa sababu akiwa mzee, mwenye jina kubwa Marekani, aliipaka miraba hivyo hivyo: wa ndani kwanza, kisha unaofuata, hadi ukingoni. Wako wanaomsoma kama mwanafalsafa wa maumbo. Mimi naona ukianza na fundi rangi wa Bottrop hupotei njia.

Alikuwa mwenzako pia. Kuanzia 1908 hadi 1913 alifundisha shule za msingi, kisha akasomea sanaa Berlin, Essen na Munich. Mwaka 1920, akiwa na miaka 32, aliacha yote akaanza upya kama mwanafunzi katika Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu mjini Weimar. Hela ya vifaa hakuwa nayo, kwa hiyo alibeba shanta na nyundo, akaenda jalalani kuokota vioo vilivyovunjika, akavipanga kwa waya na madini ya risasi vikawa picha za kuning'inizwa dirishani. Shule ilimtaka aingie karakana ya uchoraji wa ukutani. Yeye aling'ang'ania vioo, na mwishowe akapewa karakana ya vioo aisimamie. Kuanzia 1923 alifundisha kozi ya awali. Zoezi lake la magazeti linafaa kabisa darasa lenye watoto hamsini: kila mmoja apewe gazeti, atengeneze kitu kinachotumia tabia ya karatasi yenyewe, bila gundi, bila kubakiza mabaki. Wengi walitengeneza majumba na meli. Kazi iliyomfurahisha ilikuwa karatasi iliyokunjwa tu ikasimama wima, jambo ambalo karatasi bapa haiwezi.

Mwaka 1925 alimwoa Anneliese Fleischmann, mfumaji wa hapo Bauhaus, anayejulikana leo kama Anni Albers. Anni alitoka familia ya Kiyahudi ya Berlin, na hilo ndilo lililofanya mwaka 1933 uwe zaidi ya kukosa kazi. Wanazi walikuwa wameshaifukuza shule kutoka Dessau, mji ilikohamia baada ya Weimar. Ilipohamia Berlin, polisi waliivamia, na Julai 1933 walimu wakaamua wenyewe kuifunga. Kule North Carolina kulikuwa na chuo kipya kabisa, Black Mountain College, kikitafuta mwalimu wa sanaa. Philip Johnson wa Museum of Modern Art ya New York alilipendekeza jina la Albers. Mume na mke walishuka New York mwezi Novemba 1933. Josef alikuwa na miaka 45 na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Anni ndiye aliyekuwa na nafuu. Alipoulizwa atafundisha nini, alijibu kwa maneno machache aliyokuwa nayo kwamba anataka kufumbua macho.

Ukosefu wa lugha ulimsukuma kwenye mbinu yenye manufaa. Asiyeweza kuhutubia lazima aonyeshe, na masomo yake yakawa ya kutazama na kujaribu: weka hiki juu ya hiki, sema unaona nini. Chuo chenyewe kilikuwa maskini, walimu na wanafunzi walilima pamoja, vifaa vilikuwa vya kuokota. Majani ya miti yaliyogeuka rangi wakati wa vuli yalikaushwa yakatumika kama karatasi za rangi, na Albers mwenyewe alitengeneza picha za majani hayo. Wewe una mti wa mkungu, ambao jani lake moja hupita kwenye kijani, njano, chungwa na nyekundu kabla ya kuanguka. Yakandamize ndani ya daftari kuukuu kwa wiki mbili, ukibadilisha kurasa kila siku mbili tatu za mwanzo, la sivyo yataota ukungu.

Pale Black Mountain alikaa hadi 1949. Wote wawili walipata uraia wa Marekani mwaka 1939. Walipita mikononi mwake wasanii kama Robert Rauschenberg, Ruth Asawa na Kenneth Noland, na hakuna hata mmoja aliyechora kama yeye, jambo ambalo ni sifa kwa mwalimu yeyote. Kuanzia 1935 yeye na Anni walisafiri Mexico mara nyingi, wakitazama piramidi na nyumba za udongo. Nyumba hizo, ukuta wa rangi moja wenye milango miwili, ndizo zilizozaa mfululizo wa picha alioanza 1947, ambamo alihesabu maeneo ili rangi ziwe na kiasi kinacholingana. Mwaka 1950 aliitwa Chuo Kikuu cha Yale kuongoza idara ya ubunifu, akaiongoza hadi 1958.

Mwaka huo huo wa 1950 alianza mfululizo aliouita Homage to the Square, yaani Heshima kwa Mraba. Alikuwa na miaka 62, umri ambao wengi wanadai kiinua mgongo. Aliendelea nao hadi alipofariki New Haven tarehe 25 Machi 1976, na picha zake zinazidi elfu moja. Kuhusu riziki: kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikula mshahara wa ualimu, soko lilimfikia uzeeni. Mwaka 1963 alitoa kitabu chake cha mazoezi ya rangi, Interaction of Color, na mwaka 1971 Metropolitan Museum of Art ya New York ilimfanyia maonyesho ya kazi za maisha yake, heshima ambayo haikuwa imempa msanii aliye hai.

Kwa nini mraba tu? Kwa sababu ya kupunguza kelele. Fundi anayetaka kujua ipi kati ya saruji mbili ni imara habadilishi mchanga, maji na kokoto kwa wakati mmoja. Anabadilisha saruji tu. Albers aliufunga mpangilio, akafunga ukubwa, akafunga namna ya kupaka, akaacha rangi peke yake ibadilike. Wavaa kanga wanalifahamu jambo hili kwa njia nyingine: mji wa rangi ileile ukizungukwa na pindo jeusi unawaka, ukizungukwa na pindo jeupe unapoa.

Sasa vipimo. Chukua ubao wa sentimita 40 kwa 40 na uugawe sehemu 10 kila upande, kila sehemu sentimita 4. Mraba wa nje ni ubao wote. Wa pili una sentimita 32 kila upande, wa tatu 24, wa ndani 16. Usiuweke hata mmoja katikati. Kati ya mraba na unaoufuata acha sentimita 2 chini, 4 kulia na kushoto, 6 juu: moja, mbili, tatu. Ukipima vizuri, mraba wa ndani utakuwa sentimita 6 kutoka ukingo wa chini wa ubao, 12 kutoka kila upande na 18 kutoka juu. Huo ni mpangilio wa miraba minne. Mipangilio mingine mitatu inapatikana kwa kuondoa mmoja: wa 32, wa 24 au wa 16. Miraba iliyokaa katikati kabisa ni shabaha ya mishale, nayo imekufa. Iliyoshushwa ina uzito, na jicho haliamui kama inasogea kuja au kwenda. Nadhani wanafunzi wako walipoteza nusu ya kazi hapa, kwenye rula, kabla hata ya kufungua kopo.

Albers alitumia hadibodi, upande wa nyuma wenye alama kama za wavu, si ule laini unaong'aa. Upande huo unashika rangi na kuua mng'ao. Aliupaka msingi mweupe tabaka kwa tabaka, sita na kuendelea, kisha akalaza rangi ya mafuta moja kwa moja kutoka kwenye tyubu kwa kisu cha rangi, kama mtu apakaye siagi kwenye mkate. Kwa kawaida hakuchanganya rangi kwenye paleti, wala hakupandisha mraba mmoja juu ya mwingine; kila rangi ilikaa juu ya weupe na kugusana na jirani ukingoni tu. Mwanga wote ule unaouona ukitoka ndani unatokana na weupe huo wa chini. Ukitazama kwa karibu, ukingo si wa wembe. Unatetemeka kidogo, na hapo ndipo masking tepu inapoharibu, kwa sababu inaacha tuta la rangi linalotupa kivuli na kuigawa picha vipande vipande.

Kwa shule: hadibodi ya milimita 3, rangi nyeupe ya maji ya ukutani tabaka tatu au nne. La kwanza lizimuliwe, maji kikombe kimoja kwa rangi vikombe vinne. Yanayofuata yawe mazito zaidi. Acha kila tabaka likauke kabisa, pitisha msasa mwepesi, futa vumbi. Paka na upande wa pili angalau mara moja. Ukiacha nyuma bila kupakwa, ubao utavuta unyevu upande mmoja na kupinda kama kigae, hasa mahali penye joto na unyevu kama pwani. Chora mistari kwa penseli ngumu, kwa wepesi. Penseli laini huchafua rangi za njano na huwezi kuifuta tena.

Lakini nisikie kwanza: usianze na rangi za kupaka. Albers mwenyewe alifundisha kwa karatasi za rangi, kwa sababu karatasi ni ileile leo na kesho, haina alama za brashi, na mwanafunzi hapotezi saa nzima kutafuta mchanganyiko. Hazihitaji kununuliwa. Kadi za sampuli kutoka duka la rangi, majarida ya zamani, mabaki ya matbaa, karatasi za kufungia zawadi, vyote vinafaa. Kadi za sampuli ni bora kuliko vyote, kwa kuwa zinakupa rangi moja kwa hatua tano au sita za mwanga.

Zoezi la kwanza liwe la kufanya rangi moja ionekane mbili. Chukua karatasi mbili za sentimita 10 kwa 15, moja ya njano iliyokolea, nyingine ya buluu nzito. Kata vipande viwili vidogo, sentimita 2 kwa 3, kutoka karatasi ileile moja ya rangi ya kati, tuseme kahawia nyepesi au kijivu chenye ukijani. Weka kimoja kwenye kila karatasi. Juu ya njano kitaonekana cheusi zaidi, juu ya buluu cheupe zaidi, na aina ya rangi nayo itasogea. Wanafunzi watabisha. Kwa hiyo kata utepe mrefu wa karatasi hiyohiyo uunganishe vipande vyote viwili. Ubishi utaisha hapo hapo. Zoezi likigoma, sababu huwa moja kati ya mbili: vipande ni vikubwa mno, hivyo karatasi ya chini imekosa nguvu ya kuvizunguka, au rangi ya kipande ni kali mno na haikubali kubadilishwa. Rangi zilizochoka, zile ambazo hakuna anayezichagua dukani, ndizo zinazobadilika kirahisi.

La pili ni la kupima mwanga wa rangi. Shika karatasi mbili za aina tofauti, nyekundu na buluu kwa mfano, uliza ipi ina giza zaidi. Wengi hukosea, na wachoraji waliobobea pia hukosea, kwa sababu ukali wa rangi hujifanya mwanga. Hakikisha hivi: laza kona ya karatasi moja juu ya nyingine, kaza macho kwenye kona hiyo kama nusu dakika, kisha vuta ya juu ghafla. Pale ilipokuwa imefunikwa pakionekana peupe kuliko pengine, karatasi ya chini ndiyo yenye mwanga zaidi. Pakionekana peusi, ndiyo yenye giza. Ni uchovu wa jicho, uleule unaofanya duara jekundu likikaziwa macho liache duara la kijani ukigeukia ukuta mweupe. Kupiga picha ya simu kwa rangi nyeusi na nyeupe kunasaidia kidogo, ila simu hukosea kwenye nyekundu na buluu, kwa hiyo uitumie kama shahidi, isiwe hakimu.

Zoezi hili ndilo dawa ya bendera. Chagua rangi tatu zenye mwanga unaokaribiana, utaona kingo zinaanza kuyeyuka. Zikilingana mwanga na zote zikawa kali, kama nyekundu na kijani cha bahari, ukingo utatetemeka hadi macho yaume. Albers aliijua athari hiyo lakini hakuitegemea, na mimi pia siipendi darasani, maana watoto wataona kelele na kudhani ndiyo uzuri.

La tatu ni rangi ya kati, na humo ndimo miraba yake mingi inaishi. Mraba wa nje una rangi ya kwanza, wa ndani ya tatu, na wa kati una rangi inayoonekana kama mtoto wa hao wawili. Ukiipata sawasawa, utaona rangi ya nje imeingia ndani ya mraba wa kati kwenye ukingo wa ndani, na ya ndani imetoka hadi ukingo wa nje, ingawa rangi ni moja tupu. Ukichanganya mwenyewe, usidhani nusu kwa nusu itakupa katikati. Rangi nzito hula nyepesi: anza na vijiko vitano vya njano na kimoja cha buluu, kisha ongeza buluu nusu kijiko nusu kijiko. Hata hatua za giza hazifuati hesabu ya kujumlisha. Ukipaka maji ya rangi tabaka 1, 2, 3, 4, hatua za mwisho zitaonekana zinafanana. Ukipaka 1, 2, 4, 8, jicho litaona ngazi zinazolingana.

Mkifika kwenye rangi za kupaka, pakeni kila rangi kwenye kadi ndogo na kuiacha ikauke kabla ya kuchagua. Rangi za posta hubadilika zikikauka: nzito hupauka, nyepesi husogea kuwa nzito, na mchanganyiko uliopendeza ukiwa mbichi hupotea. Akriliki huongeza giza. Rangi za mafuta za tyubu hubadilika kidogo zaidi lakini hukauka kwa siku au wiki, na baadhi zina kadmiamu, metali yenye sumu, kwa hiyo wasizipige msasa na wanawe mikono kabla ya kula. Pakeni ubao ukiwa umelazwa mezani, kutoka mraba wa ndani kwenda nje, kwa kisu cha rangi au kipande cha plastiki ngumu kilichonyooka, na usirudie ulipokwisha kupita.

Usiwape wanafunzi picha ya Albers kwenye simu waiige. Kioo cha simu kinatoa mwanga chenyewe, na picha zake zinakula mwanga wa chumbani. Tofauti ndogo alizozitafuta hupotea kwanza. Yeye alifanyia kazi chini ya taa za mirija, zenye mwanga wa joto na zenye mwanga wa baridi, ili aone rangi inavyojibu kwa zote mbili. Darasani, itazameni kazi dirishani saa nne asubuhi, kisha chini ya taa jioni. Rangi mbili zilizokuwa pacha mchana zinaweza kuachana usiku.

Mwisho, geuzeni ubao. Nyuma ya kila picha Albers aliandika jina la kila rangi na kiwanda kilichoitengeneza, pamoja na msingi aliotumia, kwa kuwa njano ya kiwanda kimoja si njano ya kingine hata jina likiwa moja. Wanafunzi waandike hivyo hivyo kwa penseli, kuanzia mraba wa ndani: "Sm 40 × 40. Msingi: nyeupe ya maji, tabaka 4. Ndani: njano ya kopo, haikuchanganywa. Kati: njano vijiko 5, buluu 1½. Nje: buluu ya kopo. Imetazamwa dirishani na chini ya taa."